Walei wanaohudumia wagonjwa na walio kufani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walei wa parokia (waamini wasio mapadre wala watawa) wanaotembelea wagonjwa majumbani, hasa kupitia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mengi yatafaa popote, ila taratibu za serikali zilizotajwa ni za Tanzania. Neno "muuguzi" hapa ni yule wa hospitali au zahanati. Ndugu anayeuguza nyumbani tumemwita hivyo hivyo, anayeuguza.

Mlei anafanya nini hasa kwa mgonjwa?

Anamgeuza, anamwogesha, anamsafisha kinywa, anafua mashuka, anakesha ili anayeuguza apate kulala hata saa tano mfululizo, anasali naye kama anataka. Halafu kuna kazi ambayo watu huisahau: kumwita padre na muuguzi wakati ungali upo. Makosa mengi katika huduma hii hayatokani na kufanya vibaya. Yanatokana na kuita mtu kwa kuchelewa.

Asichofanya: hachomi sindano, haongezi wala kupunguza dozi, haweki wala kuchomoa mpira wa mkojo, hapaki mafuta ya ibada, hasikilizi maungamo, hashiki pesa za mgonjwa. Akiombwa mojawapo ya haya, jibu ni "ngoja nikuitie mwenye kazi hiyo," na kweli anamwita siku hiyo hiyo.

Je, ni lazima kuwa na mafunzo au barua?

Kumtembelea jirani hakuhitaji barua. Lakini ukitumwa kwa jina la parokia, paroko akujue na jina lako liwe kwenye daftari la kundi. Omba zahanati iwafundishe kwa vitendo kugeuza, kuosha vidonda na kunawa mikono. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu ndiye mlango mwepesi. Kupeleka Komunyo ni jambo la pekee: lazima uwe umeteuliwa kwa taratibu za jimbo lako.

Twende wangapi, na tukae muda gani?

Wawili. Na iwe wawili wale wale kila wiki, ili mgonjwa asilazimike kusimulia ugonjwa wake upya kila Jumamosi. Kama mgonjwa ni mwanamke, mmoja wenu awe mwanamke. Kwa mtoto, mzazi au mlezi awepo chumbani.

Dakika 30 hadi 40 zinatosha kwa mgonjwa anayejiweza kuongea. Anayechoka haraka, dakika 15. Mgeni hukaa hadi akaribishwe chai. Mhudumu huondoka kabla mwenyeji hajaanza kuwaza sukari.

Tuseme wazi kuhusu ile desturi ya jumuiya nzima kwenda pamoja, watu 20 na nyimbo, katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dirisha moja. Nia ni njema. Mgonjwa anakosa hewa, anaona haya kwa mfuko wa mkojo unaoning'inia kitandani, na hawezi kuomba beseni mbele ya wote. Salini nje uani, wawili waingie.

Mfuko wa mhudumu uwe na nini?

Glavu jozi 10, sabuni ya kipande, taulo ndogo, barakoa, pamba au vitambaa safi vilivyokatwa vipande, mafuta ya mgando kwa midomo, khanga mbili za zamani zilizo imara, kipande cha nailoni cha mita moja na nusu, tochi, kalamu na daftari. Kitabu cha sala na rozari. Usibebe dawa. Ukianza kubeba hata panadol, wiki ya tatu utaulizwa antibiotiki.

Daftarini andika tarehe, saa, alichokula au kunywa, choo cha mwisho, maumivu kwa namba 0 hadi 10 kama mgonjwa anavyosema mwenyewe, hali ya ngozi, na aliyeitwa. Usiandike jina la ugonjwa. Daftari hupotea kwenye daladala.

Tunamgeuzaje mgonjwa asiyejiweza bila kumuumiza?

Mwili usiosogea hubanwa kati ya mfupa na godoro. Damu haipiti, na ngozi hufa kuanzia ndani. Ndiyo maana vidonda vya kulala huonekana vidogo kwa juu huku chini vimeshachimba. Sehemu za kuangalia kila siku ni kifandugu (mfupa wa mwisho wa mgongo), nyonga, visigino, viwiko, mabega, kisogo na masikio.

Kunja khanga mara mbili, iwe chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Mmoja asimame kulia, mwingine kushoto. Kila mmoja akunje ukingo wa khanga hadi ngumi zake ziguse mwili wa mgonjwa. Mwambie mgonjwa mnachotaka kufanya, hata kama hajibu. Hesabuni tatu, mwinueni kidogo na kumsogeza. Msimburute: kuburuta ndiko kunakochuna ngozi ya kifandugu, na kidonda kinachoanza hivyo huchukua miezi kupona, kama kitapona.

Mkimlaza ubavu, msimsimamishe juu ya nyonga. Mwegemezeni kidogo tu nyuma, kama nyuzi 30, na mto mgongoni. Pitisha kiganja chini ya kifandugu: kama kinapita bila kubanwa, mmepata. Mto mwingine kati ya magoti. Wa tatu chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Karatasi ipite chini ya kisigino bila kugusa. Kama hakuna mito, kunjeni blanketi.

Mchana fanyeni hivyo kila baada ya saa 2. Usiku familia ikilemewa, kila baada ya saa 4 juu ya godoro zuri ni bora kuliko kuacha kabisa. Bandikeni ratiba ukutani: saa 2 kulia, saa 4 mgongo, saa 6 kushoto. Bila karatasi hiyo kila mtu hudhani mwenzake amegeuza.

Mambo matatu yanayofanywa kwa nia njema na kuharibu: kusugua kwa nguvu sehemu iliyoanza kubadilika, kupaka spiriti (hukausha ngozi hadi ipasuke), na kumkalisha juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati, ambao hukata mzunguko wa damu pembeni.

Wanasema tuangalie ngozi ikiwa nyekundu. Kwa ngozi nyeusi tutaonaje?

Wekundu mara nyingi hauonekani. Tumia mgongo wa mkono. Linganisha sehemu ya mfupa na ngozi ya jirani: je, ni ya moto zaidi au ya baridi, ngumu zaidi au inabonyea kama embe lililoiva? Je, rangi imekolea, inaelekea zambarau? Mgonjwa analalamika hapo tu? Yoyote kati ya hizo ni onyo. Hapo hapo ondoa uzito sehemu hiyo, asiilalie tena hadi irudi kawaida, na mwambie muuguzi.

Kinywa kimekauka na kina utando mweupe. Tufanye nini?

Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Anayeweza kusukutua asukutue mara nne kwa siku. Asiyeweza, funga kitambaa laini kidoleni, chovya, kamua hadi kisidondoshe, pangusa ufizi, mashavu kwa ndani na ulimi. Kukamua ni muhimu, kwani matone yakienda njia ya hewa yatampalia. Midomo ipake mafuta ya mgando, kidogo. Kama utando haupanguki, au ukipanguka unaacha damu, huenda ni fangasi. Unatibika, mwite muuguzi. Mgonjwa mwenye fangasi za koo hukataa chakula na watu husema "amekata tamaa."

Hataki kula. Tumlazimishe?

Methali inasema mgonjwa haulizwi uji. Kwa anayeelekea kupona ni kweli. Kwa aliye katika siku zake za mwisho, muulize, na akikataa mwache.

Mwili unaozima hauhitaji chakula kile kile. Ukimlisha kwa nguvu, uji huingia mapafuni, na kinachofuata ni kikohozi, homa na kukosa pumzi. Mpe vijiko viwili vitatu vya anachopenda, akiwa ameinuliwa, kidevu kikielekea kifuani. Asipomeza ndani ya nusu dakika, acha. Familia itaona kama mnamuua kwa njaa. Waelezeni kwamba ugonjwa ndio uliomnyima hamu ya kula, na wapeni kazi nyingine: kulowesha midomo, kumpaka mafuta miguuni, kumshika mkono.

Mgonjwa anayeharisha na bado anaweza kunywa ni habari nyingine kabisa. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha kwa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari. Onja, isizidi chumvi ya machozi.

Amepewa mofini. Ndugu wanaiita dawa ya kufia. Ni kweli?

Si kweli, na woga huu umewaacha wagonjwa wa saratani wakilia usiku huku chupa imejaa kabatini. Mofini ya kunywa hutolewa kwa maumivu makali hata kwa mtu ambaye bado ana miezi au miaka. Uganda walionyesha njia: Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa mofini ya maji iliyochanganywa hapo hapo, na baadaye sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo jina ambalo familia nyingi hulisikia kwanza.

Kanisa nalo halina shida nayo. Papa Pius XII alilijibu swali hili mwaka 1957, na Katekisimu (namba 2279) inasema dawa za maumivu zinaruhusiwa hata zikiweza kufupisha maisha, mradi kifo hakikusudiwi. Hakuna sifa ya utakatifu katika kumnyima mtu mwingine dawa. Kama mgonjwa mwenyewe, kwa hiari yake, anataka kuvumilia kiasi fulani ili asali akiwa macho, hilo ni lake, si lenu.

Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo. Kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku, ambapo mara nyingi mwandikaji huagiza dozi maradufu ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku. Ukingoja maumivu yarudi ndipo utoe, utakuwa unayakimbiza usiku kucha.

Yanayoharibika ni haya. Kipimo: vijiko vya nyumbani havilingani, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, na uonyeshe kwa kidole mstari wa 2.5 na wa 5, kwa sababu 2.5 imeshasomwa kama 25. Nguvu ya dawa: chupa mpya inaweza kuwa na miligramu tofauti kwa mililita zile zile, soma lebo kila chupa inapobadilika. Choo: mofini hufunga choo kwa karibu kila mtu, hivyo bisakodili au dawa nyingine ya kulainisha choo ianze siku ile ile. Siku ya tatu bila choo, piga simu. Usingizi na kichefuchefu vya siku mbili tatu za mwanzo hupungua. Familia nyingi huacha dawa siku ya pili kwa kudhani imemlevya. Lakini kama alikuwa na hali nzuri na sasa haamshiki, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, usitoe dozi inayofuata, mwite aliyeandika dawa mara moja.

Kidonda cha saratani kinanuka, wageni wanaziba pua.

Mwambie muuguzi, mara nyingi ataagiza vidonge vya metronidazo visagwe na kunyunyiziwa kidondani baada ya kukisafisha kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo. Fungua madirisha. Bandeji iliyogandamana iloweshwe kwanza, isinyofolewe. Na asiyeweza kuzuia uso wake apumzike nje. Mgonjwa husoma nyuso.

Tunajikingaje na damu, matapishi na kifua kikuu?

Nawa kwa sabuni kabla na baada, hata ukivaa glavu. Damu au kinyesi kikimwagika, tumia dawa ya klorini, wengi huiita jiki: chupa iliyoandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji. Funika kwa kitambaa, mwaga mchanganyiko juu yake, ngoja dakika 10, kisha futa. Changanya upya kila siku kwa sababu nguvu hupotea. Usichanganye na siki wala sabuni ya chooni.

VVU havipatikani kwa kuogesha, kulisha wala kukumbatia. Ukichomwa na sindano, au damu ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na ufike kituo cha afya siku hiyo. Dawa za kinga lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. Anayekohoa zaidi ya wiki 2 apimwe kifua kikuu. Hadi hapo, dirisha wazi, mhudumu akae upande upepo unakotokea, avae barakoa.

Padre aitwe lini?

Sasa. Kama unauliza, muda umefika.

Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya dakika ya mwisho tu. Hupewa mwamini aliyeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa kwa ugonjwa mzito, mzee aliyedhoofu hata bila ugonjwa uliotajwa, na mtoto aliyefikia umri wa kutumia akili. Hurudiwa ugonjwa ukizidi, au akipona na kuugua tena. Padre humpaka paji la uso na mikono.

Hasara ya kuchelewa ni hii: mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kuungama wala kupokea Komunyo. Mpangilio mwema ni Kitubio (kuungama), Mpako, kisha Komunyo ya njiani, yaani ya anayeelekea kufa. Aliyepoteza fahamu anaweza kupewa Mpako, lakini kuungama na Komunyo vinahitaji mtu aliye macho. Familia hukwepa kumwita padre ili "asimtishe mgonjwa." Mara nyingi mgonjwa ndiye aliyekuwa akingoja wao waseme.

Unapopiga simu sema: jina la ubatizo, umri, anameza au hamezi, ana fahamu au hana, alipokea sakramenti lini, na nyumba iko wapi kwa alama ya njiani (kwa nani, karibu na duka gani, nani atampokea barabarani). Kusema "aje haraka, mgonjwa amezidiwa" pasipo kutaja mahali kumemfanya padre azunguke na pikipiki usiku mzima. Paroko asipopatikana, padre yeyote anaweza kumwondolea dhambi aliye katika hatari ya kufa.

Akiwa tayari amekufa, hapakwi, padre humwombea. Kama kuna shaka kweli kama amekufa, anapakwa.

Padre hatafika, mto umefurika. Tufanye nini?

Msaidieni mgonjwa afanye tendo la majuto, polepole, sikioni, maneno machache. Majuto kamili yenye nia ya kuungama ikiwezekana huondoa dhambi hata za mauti. Mpeni msalaba ashike au abusu. Kanisa humpa rehema kamili (ondoleo la adhabu zote za dhambi zilizokwisha kusamehewa) saa ya kufa mwamini mwenye moyo ulioandaliwa, aliyekuwa na desturi ya kusali, hata kama padre hayupo. Wengi hawalijui hili, na kulijua huwatuliza ndugu.

Mlei anaweza kumpaka mgonjwa mafuta ya baraka?

Hapana. Sakramenti ya Mpako hutolewa na padre tu (kanuni ya 1003 ya sheria ya Kanisa). Hata shemasi hawezi. Na tangu agizo la Roma la mwaka 1997 ni wazi kwamba mlei hampaki mgonjwa mafuta yoyote, yawe ya wagonjwa au mengine, kwa namna inayofanana na ibada hiyo. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu chupa za "mafuta ya upako" zimejaa stendi na mitandaoni, na mgonjwa aliyechoka hawezi kutofautisha. Kumpaka losheni miguuni baada ya kumwogesha si tatizo: ni losheni. Maji ya baraka na ishara ya msalaba kwenye paji la uso vinakutosha.

Nimeteuliwa kupeleka Komunyo. Utaratibu ukoje?

Siku moja kabla, uliza kama anameza. Nyumbani waandae meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili (mbali na pazia, na isiwashwe kama mgonjwa anatumia oksijeni), glasi ya maji na kijiko.

Hostia iwe ndani ya piksi (kichombo kidogo cha kubebea Hostia), piksi ndani ya mkoba wake shingoni, chini ya nguo ya nje. Kutoka tabernakulo (sanduku la Ekaristi kanisani) hadi kitandani, bila kupitia sokoni, bila simu, bila kukaa sebuleni kunywa soda kwanza. Hairuhusiwi kuilaza nyumbani kwako ili uipeleke kesho. Orodhesha wagonjwa na idadi ya Hostia kabla ya kutoka. Ikibaki, ipokelewe hapo au irudishwe kanisani.

Ibada ni fupi: salamu, kutubu, aya chache za Injili, Baba Yetu, "Tazama Mwanakondoo wa Mungu," Komunyo, kimya, sala ya mwisho. Dakika 10.

Mgonjwa akae wima kadiri anavyoweza. Mpe kwanza kijiko cha maji uone kama yanapita bila kukohoa. Vunja kipande kidogo, hata kama punje ya mchele. Kristo ni mzima katika kipande. Fuatisha maji. Mwombe afungue kinywa tena uhakikishe imeshuka, hasa kwa aliyepooza upande mmoja, kwani chembe hujificha kwenye shavu lililolegea. Akiitema au akiitapika, iokote kwa kitambaa safi, itie kwenye glasi ya maji, mrudishie padre. Asiyeweza kumeza kigumu chochote anaweza kupewa Damu ya Kristo peke yake. Hilo mpange na padre mapema.

Saa moja ya mfungo haimbani mgonjwa wala mzee, wala wewe unayemhudumia (kanuni ya 919). Na aliye kufani anashauriwa kupokea tena hata kama amekwisha kupokea siku hiyo.

Ameishi na mwenzake miaka 20 bila ndoa ya Kanisa. Padre atakataa?

Usihukumu wewe mlangoni. Mwite padre, mweleze hali kabla hajafika. Katika hatari ya kifo yako mambo mengi ambayo sheria ya Kanisa inaruhusu yafanyike upesi, ikiwemo kufungisha ndoa pale kitandani kama hakuna kizuizi. Pakiwa na wake wawili, au ndoa ya zamani, mwachie padre.

Anataka kubatizwa na muda umekwisha.

Katika dharura yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa anabatiza. Mtu mzima awe ameomba mwenyewe. Kwa mtoto, tafuta ridhaa ya wazazi. Mimina maji kichwani mara tatu ukisema: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji ya kawaida, safi, yatiririke, kulowesha kwa kidole hakutoshi. Andika saa, jina na shahidi, upeleke parokiani siku hiyo. Akipona, ubatizo haurudiwi. Hukamilishwa ibada zilizobaki.

Mgonjwa ni Mwislamu au wa dhehebu lingine.

Unamgeuza, unamwosha, unamfulia vile vile. Usimbatize kwa siri, usimwekee rozari chini ya mto. Kwa Mwislamu, waulize ndugu: mara nyingi watataka aelekezwe kibla na mmoja wao amtamkishe shahada, sogea pembeni, nyamaza. Akishafariki, kuosha mwili ni kazi yao. Msaada wako ni kuchota maji.

Kukataa mashine au kumrudisha nyumbani ni kumuua?

La. Kanisa hukataza kukusudia kifo, kwa tendo au kwa kuacha kwa makusudi huduma anayoihitaji. Haliagizi tiba nzito isiyolingana na matumaini yake (Katekisimu 2278). Lakini kurudi nyumbani si kuachwa: maji kama anameza, dawa ya maumivu, usafi na kugeuzwa vinaendelea. Kama sababu ya kumrudisha ni bili tu na bado anatibika, ongeeni kwanza na ustawi wa jamii wa hospitali.

Dalili za saa za mwisho ni zipi?

Analala zaidi, mkojo unapungua na kuwa mweusi kama chai ya rangi, miguu na mikono inapoa, ngozi ya magoti inapata mabaka, pumzi inakuja kwa mafungu: haraka, kisha kimya hata nusu dakika, kisha tena. Mkoromo kooni ni ute asioweza kuumeza. Unawatesa wanaosikiliza kuliko yeye. Mgeuze ubavu, inua kichwa kidogo, usiingize kidole wala kitambaa kooni. Usimfunike mablanketi mazito kwa sababu miguu ni ya baridi.

Punguza sauti. Ongea naye kana kwamba anasikia, na mwambie kila aingiaye afanye hivyo. Mambo ya shamba na kaburi yakazungumzwe nje. Sala fupi: "Yesu, Maria na Yosefu," "Ee Bwana, mikononi mwako naiweka roho yangu." Sema mara moja, ngoja pumzi kadhaa, sema tena. Rozari ya kukimbizana ya mafungu yote matano inafaa sebuleni.

Akishakata roho tufanye nini kwanza?

Tazama saa. Wape ndugu muda kabla ya chochote. Kisha funga macho, funga kidevu kwa kitambaa, nyoosha viungo. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa 2 hadi 4. Vaa glavu kuosha. Kama alikuwa na dalili za kipindupindu, au homa kali yenye kutoka damu, usiguse: piga simu kituo cha afya. Kagera imeshapata mlipuko wa Marburg mara mbili, 2023 na 2025, na mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huo huambukiza sana.

Aliyefia nyumbani, mjulisheni mwenyekiti wa mtaa na mtendaji ili kibali cha mazishi kipatikane, na kifo kisajiliwe RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) ndani ya siku 30. Bila cheti, mjane atazungushwa kwenye mafao na benki.

Mgonjwa ananiomba nimtunzie kadi ya benki, au niandike wosia.

Kataa vyote kwa upole. Usijue namba yake ya siri ya simu, usiwe shahidi wa shamba, usipokee zawadi kubwa kuliko papai. Wosia unaandikwa kwa wakili au RITA. Kazi yako ni kuwaleta mapema, akiwa bado na akili timamu. Pesa za michango zipite kwa mhazini wa jumuiya, kwa risiti.

Dawa na vifaa vilivyobaki baada ya msiba?

Mofini irudishwe ilikotolewa, hata kama ni theluthi ya chupa. Isipewe mgonjwa mwingine, isimwagwe chooni, isibaki kwenye kabati la watoto. Pampas zisizofunguliwa, godoro lililofunikwa nailoni na kiti cha magurudumu vinaweza kwenda kwa mgonjwa anayefuata, vikishafutwa kwa klorini na kuanikwa juani. Waulizeni ndugu kwanza, na msiulize siku ya mazishi.